Mafuta ya Waridi Kwenye Mpira wa Maabara

S.L.P. 318,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Hujambo, mpenzi wangu? Goti lako je, limekubali kupanda ngazi au bado unalibembeleza? Sisi huku wazima kabisa. Mimi nimenenepa, mume wangu anasema ni furaha, nami namwachia aamini hivyo.

Uliniuliza huyu mkweo anafanya kazi gani hasa. Shangazi, hata majirani hawajui! Wamesikia kazi yake ni ya gesi, basi wanamwita Bwana Gesi. Juzi mama mwenye nyumba alitugongea mlango: "Bwana Gesi, mtungi wangu umeisha, utaniletea lini?" Hakumsahihisha. Aliubeba mtungi begani mpaka dukani, akaurudisha umejaa. Ndiyo huyo mume niliyempata!

Kazi yake ni ya maabara. Molekuli ya gesi ikijazwa nishati nyingi inaweza kuvunjika yenyewe. Lakini kabla haijavunjika inagongana na nyingine, na kila mgongano unaipunguzia nishati. Yeye anapima inapungua kiasi gani. Nilipokunja uso alicheka: "Unakumbuka ulivyoingia ukumbini siku ya harusi umemkasirikia fundi wa gauni? Kila aliyekukumbatia alikupunguzia hasira kidogo. Hakuna aliyeimaliza peke yake." Nani mwingine angenifundisha sayansi kwa hasira zangu?

Sasa nikupe makubwa. Mwezi uliopita vipimo vyake vilitoka vya ajabu: kila mgongano uliondoa nishati nyingi kuliko walivyowahi kupima pale. Mkuu wake, ambaye hata chai haisifu, alimpa mkono mbele ya wote. Akamwahidi kwamba akiyasoma matokeo hayo kwenye mkutano wa wataalamu, ajira ya kudumu ni yake. Tulirukaruka chumbani kama watoto.

Jumanne tukiwa mezani akawa ananisimulia jinsi chombo chake kinavyozibwa kwa mpira ili kisiingie hata chembe ya kitu kingine. Nikaweka kijiko chini. Shangazi, mpira ule aliwahi kuusahau mfukoni mwa koti, kabla ya vipimo vile. Niliukuta umepauka, nikauonea huruma, nikaupaka mafuta yangu ya nywele! Yeye alipouona unang'aa alidhani ni grisi ya kazini.

Ningeweza kunyamaza, na nilitamani sana. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale ya kuniamini, nikasema yote. Akauliza, "Yale ya waridi?"

"Yale yale."

"Basi ni mvuke wake. Molekuli za mafuta ni kubwa, kila zikigongwa zinachukua nishati nyingi kuliko gesi yangu." Hakunipandishia sauti hata kidogo.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. Rafiki yake, fundi wa vioo vya maabara, ndiye aliyenisimulia, maana mwenyewe hasemi. Mkuu alifoka, "Nani kapaka mafuta chombo changu?" Mume wangu akajibu, "Mpira ulikuwa kwangu, mzee. Vipimo vyote vifutwe." Mimi hakunitaja. Nafasi ya mkutanoni amepewa mwenzake, na ajira sasa haijulikani.

Tangu hapo anasugua vioo na kuanza upya. Jana alinichukua nikaone. Mstari kwenye skrini ulishuka polepole sana, mgongano kwa mgongano. Namba ni ndogo, za kawaida, hazitamshangaza mtu. Lakini aliziangalia kama mtu aliyeletewa mtoto wake mchanga, akaninong'oneza, "Hizi ni za kweli." Shangazi, nililia mbele ya mafundi wote, na sioni haya.

Nisalimie Mjomba dereva, Bibi, na mapacha wa Dada, waambie picha za harusi zinakuja. Mungu akulinde na akupe usingizi mtamu.

Ni mimi wako, ninayekupenda mpaka basi,
Bi harusi wako.