Aliyeitikia Mbili

Jumatatu, 14 Julai

Pushapu ishirini kabla ya chai. Sawa, kumi na mbili. Nane nilizipiga moyoni. Nani ananiangalia.

Mutua anasema mwezi wa kwanza si wa kuruka, ni wa kujenga mwili. Kuchuchumaa. Kuning'inia kwenye chuma. Kujivuta. Kupanda ngazi kwa mikono na miguu kama mnyama. Mchezo wenyewe, wa kuruka kuta na mapengo, unaitwa parkour. Mimi naandika paka. Ndivyo neno linavyosikika, na ndivyo ninavyoruka. Niliishia kidato cha pili, na kinatosha kujua hivyo.

Tunafanyia kwenye mjengo uliokwama hapa Mountain View. Majumba mawili yanayotazamana, hayana kuta, hayana madirisha, nguzo na slabu za zege tu. Soja wa pale, mlinzi wa geti, Mzee Kyalo, ni wa kanisa moja na kina Mutua. Anatufungulia geti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Mutua hajaenda kazini Upper Hill. Tuko watatu. Mutua mwalimu, mimi nyota, na Mwende dada yake Mutua, ambaye kazi yake ni kunicheka.

Baridi ya Julai. Ukungu unaingia mpaka kwa meno.

Jumatano, 16 Julai

Sheria mpya ya Mutua. Ukungu ukiwa mzito humwoni aliyeruka mbele yako. Kwa hivyo kila mtu ana namba. Mutua moja, mimi mbili, Mwende tatu. Ukishatua na kusogea kando unataja namba yako kwa sauti. Anayefuata akiisikia, anakimbia. Asipoisikia, anangoja. Hata mimi nilielewa mara ya kwanza.

Leo tuliruka kiukuta kimoja cha kimo cha kiuno. Mutua, moja. Mimi, mbili. Mwende, tatu. Tukasimama tukihema.

Halafu mtu akasema nne.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayejibu akiulizwa.

"Njoro, wacha mchezo," Mutua akasema. Nikaapa si mimi. Mwende akasema mimi huapa nikidanganya. Ni kweli. Lakini leo sikudanganya. Tulizunguka nguzo zote. Vumbi, na nyayo zetu.

Alhamisi, 17 Julai

Nne tena. Palepale, baada ya tatu. Mwende hacheki sasa. Mutua anasema ni mwangwi. Mwangwi hurudisha ulichosema. Hakuna aliyesema nne.

Kitu kingine. Mutua anatufundisha kutua bila kishindo, vidole kwanza, magoti laini. Mimi hutua kama gunia la viazi. Huyo wa nne hatujamsikia akitua hata mara moja. Namwonea wivu. Nimeandika na sifuti.

Ijumaa, 18 Julai

Mdomo wangu umeniponza. Nilikuwa kwa kinyozi nikawaambia vijana kwamba mimi huruka kutoka jumba moja hadi la pili, slabu kwa slabu, ghorofa ya kwanza. Mutua alikuwa mlangoni.

"Kwani unaweza?"

"Naweza nikiwa nimelala."

"Unajivuta mara ngapi kwa chuma?"

"Kumi."

Ni tatu. Ya tatu kidevu hakifiki.

Mutua hakucheka. Alifikiria, akasema basi kesho. Yeye na Mwende wamevuka pale, mchana wa jua, baada ya miezi mingi ya kuchuchumaa. Pengo ni hatua mbili ndefu na kitu. Chini kuna mawe, na vyuma vimesimama wima.

Ananiamini. Hilo ndilo baya.

Mama ameuliza mbona sili. Amezoea nikila changu na chake. Naogopa sana.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika polepole nisikose kitu.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mutua alitaka tuahirishe. Mimi ndiye niliyesema twende, kwa sababu ya wale vijana wa kinyozi. Mwende alikaa nyuma kwenye nguzo, hatua kama kumi na tano kutoka ukingoni. Haoni ukingo, mimi simwoni yeye. Mutua akakimbia, akaruka, akamezwa.

"Moja."

Zamu yangu. Nilikimbia mpaka ukingoni nikasimama. Miguu ilikataa. Nikatazama chini, hakukuwa na chini. Sijui nilisimama kwa muda gani. Mdomo nilikuwa nimeufunga. Nina uhakika, maana nilikuwa nimeuma ulimi.

Ng'ambo mtu akasema, "Mbili."

Ilikuwa sauti yangu. Hata ule mkwaruzo wake wa asubuhi.

"Safi, Njoro," nikamsikia Mutua. "Sikukusikia hata ukitua. Lete mkono, sogea huku."

Nitasema ukweli kwa sababu hakuna anayesoma. Kwanza nilifurahi. Kabla ya kuogopa, nilifurahi. Nimeruka bila kuruka. Ningesogea kando, nishuke ngazi hizi, nipande zile za pili, na hakuna mtu angejua maisha yangu yote. Mguu wa kushoto ulikuwa ushaanza kwenda.

Ndipo nikasikia viatu vya Mwende. Amesikia mbili. Anakimbia. Nikimpisha ataruka, na pale anapoenda kutua kuna kitu kimesimama mahali pangu.

"Bado! Mimi niko huku, Mwende. Sijaruka."

Nilitanua mikono. Akanigonga kifuani, tukaanguka kwenye slabu, miguu yake nje ya ukingo. Kiatu chake kimoja kilienda. Tulisikiliza. Hatukukisikia kikigonga chini.

 Mutua akaongea taratibu, kama mtu ambaye hataki kumwamsha mwingine.

"Njoro. Kama wewe uko huko, huyu niliyemshika mkono ni nani?"



Tulimsikia akiteremka ngazi mbiombio. Alipotufikia, mkono wa kulia ameuweka mbali na mwili. Anasema ulikuwa mkono mkavu, mgumu, wenye sugu. Hakushtuka. Alidhani ni sugu za kujivuta kwenye chuma. Mara kumi.

Nilitazama viganja vyangu. Laini kama vya karani.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya kanisa tulikwenda kwa Mzee Kyalo. Nilitarajia atatufukuza. Aliuliza swali moja.

"Ni nani aliwaambia muitane namba humu ndani?"

Anasema wakati mjengo unaendelea, watu wa mkono, vibarua wa kutwa, walikuwa wanajaa getini kila asubuhi. Majina hayakuwa na kazi. Nyapara anaita namba, unaitika, unaingia. Ukichelewa kuitika, kuna mtu nje ya geti anaitika yako. Anaingia yeye, na siku inakuwa yake. Ndiyo maana baada ya tatu kuna aliyesema nne. Nafasi ilikuwa wazi. Na mimi jana nilichelewa.

"Mjengo ulisimama ghafla," akasema. "Wengine hawakuambiwa kazi imeisha."

Nikamwuliza kama huyo wa jana amechukua siku yangu moja tu.

"Kijana wangu, zamani nyapara ndiye alikuwa anasema siku imeisha." Akatazama majumba. "Sasa hayuko."

Sikupenda hilo jibu. Mwende, ambaye hana viatu vingine, alitembea na ndara mpaka nyumbani. Kiatu hatukukipata, na tulitafuta chini pote, kati ya vyuma vyote.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia Mutua ni tatu. Si kumi. Na ya tatu kidevu hakifiki.

"Ungekufa."

"Najua."

"Na dada yangu."

Nikakubali kwa kichwa. Mimi. Akaenda zake. Nimelia kidogo, chooni, maji yakiwa wazi.

Kwa kinyozi pia nimepita. Nimewaambia sijawahi kuvuka. Walicheka mpaka mashine ikazimwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Mutua alituma ujumbe jana. Jamhuri, saa tatu, uje na maji.

Uwanja wa nyasi. Jua dogo. Hakuna majumba karibu. Mwende ana viatu vipya na hakunisalimia, ila alinigawia ndizi nusu. Tulichuchumaa mpaka mapaja yakawaka. Pushapu nilipiga sita. Mutua aliuliza ngapi, nikasema sita, akaitikia kwa kichwa.

Halafu kuruka kutoka kwenye ukingo wa mtaro, kimo cha goti. Hatutumii namba tena. Mutua aliita Mwende, naye akaruka, akatua kimya. Mutua akageuka upande wangu, akavuta pumzi kuita Njoroge, jina langu zima.

Niliitika kabla hajamaliza.