Springi ya Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Ukishasoma barua hii ichane, na hata Mama usimwambie neno.

Wewe na mtoto msirudi Jumamosi. Ile bunduki ya upepo ambayo mumeo alimwelekezea mtoto, eti anatania, niliifungua akiwa kazini, nikatoa springi na kuweka nyingine iliyolegea. Sasa risasi haitoboi hata boksi la viatu. Bwana mkubwa amelaumu upepo, akalaumu risasi, jana kalaumu miwani yake.

"Shemeji, vitu vya siku hizi takataka tupu," akaniambia, kavimba kama chura.

"Kweli, shemeji," nikaitikia. Mwanamume mzima, heshima yake yote imekaa kwenye waya uliojikunja.

Lakini Ijumaa anaipeleka kwa fundi. Fundi akiifungua tu atamwambia, na humu ndani mwenye bisibisi ni mimi peke yangu.

Usinipigie; simu yangu huishika yeye. Andika kwa anwani ya ofisini, juu ya bahasha uweke "Masjala", maana barua za huko nazifungua mimi. Usipopata jibu kwa wiki moja, ujue fundi ameshaifungua.

Mdogo wako