Sakafu Mpya ya Trela ya Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nafahamika kwa jina la Mama Vifungo
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya mwisho, nyuma ya gereji

Fundi mliyemfungia humo ndani hakuiba bangili za mama yangu. Naomba hilo liandikwe kwanza, mengine yafuate.

Mama anaishi uani kwangu, ndani ya trela, nyumba ya magurudumu aliyoachiwa na marehemu baba. Baba alikuwa dereva wa greda. Yeye na mama walizunguka na trela hiyo kambi hadi kambi za ujenzi, barabara hadi barabara, mimi na kaka yangu tukakulia humo. Nimemwomba mama ahamie ndani ya nyumba mpaka nimechoka.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa tatu asubuhi, alikuja fundi tunayemwita Polepole kubadilisha sakafu ya trela, kwa sababu sinki lilivuja na mbao zikaoza. Tulitoa vyombo vyote nje. Alipong'oa mbao, mabomba ya maji na nyaya za umeme vilibaki wazi kando ya ukuta, vimesokotana. Alivitenganisha. Nyaya akazipandisha juu na kuzipitisha ndani ya bomba jembamba la plastiki. Mabomba ya maji akayaacha chini na kuyafunika kwa boksi refu la mbao. Kifuniko alikifunga kwa skrubu, si misumari, ili siku maji yakivuja pafunguliwe bila kuvunja. Mama akamtania, "Wewe fundi, hata mabomba unayavalisha suruali?" Fundi akasema, "Sasa mama, yakikaa uchi wageni watasemaje?" Walicheka sana. Saa saba fundi akaenda kula, nami nikarudi kwenye cherehani. Mama alibaki peke yake.

Kesho yake bangili zake mbili za dhahabu hazikuonekana. Mama alisema, "Aliyeingia humu ni fundi tu." Kaka hakuuliza mara mbili, akaja hapa kituoni, na fundi akakamatwa siku hiyohiyo. Mimi sikumtetea fundi. Nani angebishana na mama?

Jana, tarehe 7, saa kumi jioni, nilikuwa natafuta bisibisi ndogo ya cherehani yangu, nikaikuta chini ya mto wa mama. Nikamuuliza ni ya nini. Akanishangaa. "Si tunahama? Vyombo viko nje, sakafu imefumuliwa. Baba yako kasema nifiche vya thamani kabla gari la kuvuta halijafika."

Vyombo tulisharudisha jioni ileile ya tarehe 4, fundi alipomaliza sakafu. Baba ana miaka tisa kaburini.

Nilikaa kitandani kwake, nikakumbuka. Enzi za kambi, kila trela ilipotaka kuvutwa, baba aliinua ubao mmoja wa sakafu, mama akaficha vitu vyake katikati ya mabomba, visipotee njiani. Kwa bisibisi hiyohiyo nilifungua kifuniko cha boksi la mabomba. Bangili zilikuwa nyuma ya bomba la sinki, zimefungwa kwenye kitambaa.

Kaka aliposikia alisema, "Sema umezikuta uvunguni, yaishe. Unataka watu wajue mama kachanganyikiwa?" Simlaumu, maana aibu ya mama ni yetu sote. Lakini nikisema uvunguni, watu watasema fundi kaogopa, kamtuma mtu azirudishe, na hakuna atakayemfungulia mlango tena. Nilipopita hapo koridoni, mbele ya mahabusu, nilimsalimia, hakuitikia. Ana haki, na mimi nitaendelea kumsalimia.

Afande, umeniuliza kama mama alisema uongo. Hapana. Alisema alichokumbuka.

Umeuliza pia kama anajua fundi yuko ndani. Nilimwambia leo asubuhi. Alilia, akavaa viatu, akasema, "Twende tukamtoe mtoto wa watu." Nimekuja naye, yuko pale kwenye benchi. Njiani kila baada ya muda aliniuliza tunakwenda wapi, na kila nilipomwambia alilia upya.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nimeridhika nayo.

Sahihi: Mama Vifungo

Maelezo yameandikwa nami, askari wa zamu, tarehe 8, saa nne asubuhi. Bangili mbili zimepokelewa kama kielelezo. Mtuhumiwa ameachiwa mbele ya shahidi. Mama wa shahidi alisimama, akampa mkono, akamuuliza yeye ni nani. Mtuhumiwa alijibu kuwa ni fundi, na kwamba kazi ameimaliza.