Muthamia Hayupo Kwenye Jiwe

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Moyo umegoma tena asubuhi. Ijumaa daktari alimwita mwanangu kando, wakanong'ona mlangoni. Wanadhani mzee akifumba macho na masikio yamefungwa. Nilisikia yote. Basi, niandike nikiwa bado nashika kalamu.

Shule yetu hapa Kanja, Embu, inatimiza miaka sitini. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mwanangu Muthamia ndiye mwenyekiti wa komiti. Leo alinisomea majina yatakayochongwa kwenye jiwe la ukumbusho. Chifu wa wakati ule. Mchungaji. Mzee aliyetoa shamba. Na mimi, mwalimu wa kwanza.

Nikauliza, na fundi aliyejenga?

"Fundi gani, Mami? Si ilikuwa harambee? Wananchi walijenga."

Fundi gani! Nikamwambia alikuwa kijana Mmeru, wa Kangeta. Aliitwa Muthamia.

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mami! Unataka watu waseme mwenyekiti amejichonga mwenyewe kwenye jiwe?"

Ana haki ya kucheka. Kanja nzima hakuna Muthamia mwingine.

Alhamisi, 5 Septemba

Mgeni. Kanana, msichana wa redio kutoka Meru mjini, anakusanya habari za jubilii. Mchangamfu. Alikula nduma zangu zote akaomba chai ya pili.

"Shosho, tuambie vitu watu hawajui."

Nikamwambia jinsi kina mama walivyobeba mawe kutoka machimboni kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso, huku wakiimba. Nikamwambia darasa la kwanza lilisomea kanisani, na mbwa wa mchungaji alihudhuria zaidi kuliko watoto wengine. Alicheka. Akauliza kama kuna mtu aliumia katika ujenzi.

Nikasema nimechoka. Akazima mashine yake kwa adabu, akanifunika miguu.

Uongo. Sikuchoka. Muthamia fundi alifia pale machimboni. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, ukingo wa udongo ukamwangukia akichonga mawe ya darasa la tatu. Njagi, kibarua wake, ndiye aliyemfukua kwa mikono. Njagi huyo huyo aliyekuja kuwa mume wangu.

Na mimi nilikuwa nimekubali kuolewa na Muthamia. Haya. Nimeliandika.

Jumapili, 8 Septemba

Sikwenda kanisani, miguu imevimba. Karambu, mke wa mwanangu, ameniletea uji akaniamuru niumalize. "Cucu, usipokunywa nitaomba redio itangaze." Msichana mzuri huyu, ana mdomo kama wembe. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nimewaza juu ya posa. Kwao fundi, huko Igembe, Meru, kijana akitaka mke hupeleka kwa baba ya msichana kifungu cha miraa, kimechaguliwa vizuri, kimefungwa kwa jani la mgomba. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Muthamia alisafiri hadi kwao kuifuata, akarudi na kifungu kibichi bado, akamkabidhi baba yangu kwa mikono miwili.

Baba yangu! Mzee wa kanisa, Mwembu asiyegusa hata ugoro! Aliona tu kijana wa mawe amemletea miraa nyumbani. Tusi gani hili? Akasubiri mgeni aingie ndani, akawatupia mbuzi.

Muthamia alipotoka, beberu alikuwa anatafuna posa yetu, jani la mgomba limening'inia mdomoni. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, mbuzi wamekubali. Amebaki mzee." Akasema shule ikifunguliwa atarudi na asali, kama desturi ya kwetu inavyotaka.

Hakurudi. Kaka zake walikuja wakamchukua. Sikuwafuata. Ningefuata kama nani? Sikuwa mjane. Sikuwa chochote. Kesho yake nilifundisha hesabu.

Njagi peke yake ndiye aliyejua. Alikuwa akipita darasani jioni, anarekebisha dawati ambalo halijavunjika. Hakusema neno la mapenzi mwaka mzima. Nilimpenda pia, polepole, na kabisa. Hilo nalo ni kweli, na sitaki mtu alifute.

Jumatatu, 9 Septemba

Sehemu ngumu.

Mtoto wetu wa pili wa kiume alizaliwa mwaka wa sitini na tisa. Kwa desturi, jina ni la baba yangu: Njura. Njagi akasema, "Yule alikufa bila mtoto. Nani atalibeba jina lake?" Akaenda kwa baba yangu na asali, akamweleza kifungu kile kilikuwa nini.

Mama alinisimulia. Baba aliiacha chai ikapoa. Kisha akasema: "Heshima ya mtu niliwalisha mbuzi. Mpeni nafasi yangu."

Hakutaka jambo hilo litajwe tena. Aibu. Kwa hiyo kijiji kilijisemea chenyewe: mzee Njura amemkataa mjukuu, amemnyima jina. Mwanangu amekua akisikia hivyo. Akiwa darasa la nne aliniuliza, "Babu ananichukia kwa nini?" Nikamwambia hapana, hakuchukii. Tena nikamtuma kuteka maji.

Nimngoje nani sasa? Baba hayupo, Njagi hayupo.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemwambia. Yote.

Mwanangu alikuwa amekuja kuniuliza kuhusu dawa. Nikamkalisha kitandani, nikamshika mkono. Nilipofika kwa Muthamia fundi, uso wake ukabadilika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mami, baba yangu ni nani?"

"Njagi! Jitazame masikio hayo kwenye kioo! Ulipozaliwa, yule mwingine alikuwa kaburini miaka mitano." Nilipiga kelele mpaka Karambu akachungulia.

Nikamwambia juu ya babu. Kwamba hakunyimwa. Kwamba mzee alisimama kando ampishe mtu. Alikunja na kukunjua kofia yake. Akatoka. Nikasikia gari.

Ijumaa, 13 Septemba

Sherehe ni kesho na mwenyekiti hayupo. Jana hakulala nyumbani. Simu imezimwa. Komiti wamekuja mara mbili. Mchongaji amekaa kwa Karambu na jiwe lake, ameacha nafasi ya mstari mmoja, kwa amri ya nani hasemi. Karambu anawaambia wote mumewe ana mafua. "Mafua gani yanaendesha gari?" mmoja akauliza. "Ya Meru," akajibu, akamwongezea chai.

Nimeomba. Kama nimevunja kitu, Mungu akinyooshe mwenyewe, mimi sina nguvu.

Saa nane mchana. Simu! Karambu ameniwekea sikioni. Makelele ya soko, watu wanabishana bei ya miraa. Kisha yeye.

"Mami, niko Kangeta. Nimepata mzee mmoja, watu wanasema alikuwa na kaka fundi aliyefia Embu. Amekaa hapo mbele ya duka. Bado sijamsalimu."

Nikamwambia amsalimu basi, mtoto wangu.

"Nitamsalimu. Lakini Mami — nimwambie mimi ni nani kwake?"

Karambu ameshika simu. Yeye anangoja upande ule. Nasikia pumzi yake. Nikamwambia, sema jina lako tu, Muthamia, atajua.