Kiu Njiani na Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada maana jambo hili sioni wa kumwambia hapa Atar asinicheke, mimi ni dereva, nilimwoa Toutou mwaka jana, na baba yake, Mzee Deddah, ana mawe kwenye figo, kila mwezi nampeleka Nouakchott kwa daktari, mwendo wa saa sita jangwani, mimi na yeye peke yetu garini, na wewe ni mtu wa kwetu, unajua mkwe hali wala hanywi mbele ya baba mkwe wake, hata kumtazama usoni ni aibu, basi safari iliyopita joto lilikuwa halisemeki, nimejifunga kilemba mpaka puani, dumu la maji liko nyuma ya kiti nalisikia linavyochezacheza na sithubutu kuligusa, mzee naye ametazama dirishani tangu tulipoondoka, hakuomba chochote, tulipopita mji wa Akjoujt nikaanza kuona giza, gari likaingia mchangani, nusura tupinduke.

Nilipomsimulia Toutou akasema, "Alhamdulillahi mmefika. Lakini ukinywa mbele ya baba, mimi uso nitauweka wapi?" Binamu yangu Yahdhih ndiye kabisa: "Kwani wewe ulioa Toutou au ulioa ukame?"

Juma lijalo tunaondoka tena. Ninywe nini nyumbani ili nisione kiu mpaka tufike? Naambiwa chai nzito inasaidia.

Mkwe Mwenye Kiu, Atar

JIBU

Mwanangu, pole kwa kiu na hongera kwa heshima, ila akili uliiacha nyumbani. Hakuna kinywaji cha kukufikisha Nouakchott kwa mkupuo mmoja, na hiyo chai nzito itakukausha zaidi, ikurudishe mchangani.

Kiu yako umeieleza vizuri sana. Ya mzee je? Unasema hakuomba chochote. Ulitaka aombe? Mzee mzima amwombe mkwewe maji, kisha afunue kinywa mbele yako? Aibu hiyo inawafunga nyote wawili. Na mtu mwenye mawe ya figo, daktari anamwambia nini kila mwezi kama si anywe maji? Unampeleka kutibiwa huku njiani unamwongezea ugonjwa! Nimekasirika, sikufichi.

Sasa sikiliza. Asubuhi kunywa mtindi uliochanganywa na maji, tia chumvi kidogo, unywe kwako mpaka utosheke. Kabla mzee hajapanda, weka chupa kubwa ya maji miguuni pake, wala usiseme ni ya nani. Wewe yako iwe chini ya kiti chako. Njiani usingoje kiu ikushike. Simama mara kwa mara, sema kwa sauti bila kumtazama, "Injini imechemka," ushuke na chupa yako, ufungue boneti. Boneti ikiwa juu, yeye hakuoni na wewe humwoni. Kunywa polepole, umpe nafasi. Mzee atajua injini haina lolote, naye hatauliza.

Na Toutou, kama unasoma, uso wako uko salama, mwanangu. Baba yako ndiye hayuko salama.

Ukirudi garini, usichungulie chupa yake imepungua kiasi gani. Washa gari, mwende.