Kadi ya Mjomba

Kilole, Korogwe
15 Januari 2006

Mpwa wangu Chausiku,

Pokea salamu zetu, ukiwa bado na vumbi la safari. Natumaini baridi ya huko Uingereza haijafika mifupani. Sisi tu wazima, ila goti langu halijaacha tabia yake. Mama yako ameniletea salamu kutoka Kwamsisi kwamba mihogo imekubali na kwamba ule vizuri.

Nimesikia posho ya mafunzo yenu ya uuguzi itachelewa. Usihangaike, ndiyo sababu nilikutia kadi yangu ya benki mkononi pale stendi. Kelele za wapiga debe hazikuniruhusu kukueleza, kwa hiyo nakueleza sasa.

Kadi hiyo niliipata nikiwa mhasibu wa shamba la mkonge. Serikali ilipouza mashamba, wamiliki wapya walikuwa wakiniita Ulaya kwa mahesabu, wakanifungulia akaunti hukohuko. Nimestaafu, akaunti ipo, na mwaka jana benki ilinitumia kadi ya mtindo mpya.

Zamani karani wa duka aliipitisha kadi, ukatia sahihi, naye akailinganisha na ile ya mgongoni. Sasa tazama upande wa mbele: kuna kipande cha rangi ya dhahabu, kidogo kama ukucha. Hiyo ndiyo chipu, na kumbukumbu yote imo humo. Ichomeke wewe mwenyewe kwenye mashine, na usiichomoe kabla hujaambiwa. Itakuuliza namba ya siri. Bonyeza zile nilizokunong'oneza, kisha kitufe cha kijani. Funika vitufe kwa mkono wa pili. Ukikosea tulia kwanza, maana ukikosea tena na tena inajifunga. Wala namba usiiandike mahali popote.

Sahihi yangu huiwezi, lakini huihitaji. Mashine haina macho. Haimjui Muhsin wala Chausiku, inajua namba tu. Na mtu akikuuliza kama kadi ni yako, jibu ni yako. Kwetu Wazigua cha mjomba ni cha nani, kama si cha mpwa?

Isihaka sikumwambia. Unamjua mwanangu huyo: atauliza mpaka chai ipoe.

Mjomba wako,
Muhsin

*

Leeds, Uingereza
2 Februari 2006

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimevaa soksi mbili mbili. Afya yangu njema, ila pua haijui tena harufu ya kitu. Goti lako lifunge kitambaa cha moto, usiseme tu "litapona." Na mtani wangu Isihaka mwambie huku hakuna mwanaume mvivu kama yeye, nimetafuta.

Kadi inafanya kazi, Mjomba! Mara ya kwanza nilichomoa mapema, mashine ikapiga kelele, na foleni nzima nyuma yangu ikashusha pumzi. Sasa nimezoea. Tulikwenda kula na wauguzi wenzangu, mhudumu akaleta mashine mpaka mezani, kisha akageuza uso akatazama dari wakati nabonyeza. Nikacheka. Kumbe ni adabu yao, kama mtu anavyogeuka mwenzake akivaa.

Hakuna aliyeniuliza jina. Nalipa chumba na chakula tu, na koti moja, maana bila koti mngeletewa habari za msiba wangu.

Hospitali wanasema nikimaliza vizuri, cheti hiki kitanirudisha Handeni kama muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Niombee.

Mpwa wako,
Chausiku

*

Leeds
24 Februari 2006

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe, leo siulizi goti.

Nilikuwa nanunua mkate na maziwa. Nikachomeka kadi, nikabonyeza namba sawasawa. Mashine ikakaa kimya muda mrefu. Karani akasoma kitu upande wake, akaichomoa kadi yeye mwenyewe, akaishika. Akaniuliza, "Kadi hii ni yako?" Nikajibu kama ulivyonifundisha: "Ndiyo, yangu."

Akaisoma, akatazama kitenge changu chini ya koti. "Imeandikwa Bwana," akasema. "Wewe ndiye Bwana Muhsin?"

Nikasema Muhsin ni mjomba wangu. Akasema, "Sasa hivi umesema ni yako." Nikasema ndiyo, ni yangu kwa sababu ni ya mjomba. Mjomba, kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi. Polisi walikuja, wakanipitisha katikati ya watu.

Mpelelezi aliyenihoji ni mama mtu mzima, si mkali. Alisema benki iliona kadi inatumika huku, ikapiga simu kwa mwenye kadi kuhakikisha kama amesafiri. Mtu wa nyumbani kwako aliyepokea akajibu kwamba mwenye kadi yuko nyumbani kwake Tanzania, na kwamba kadi itakuwa imeibwa. Nani alisema hivyo, Mjomba?

Waliniruhusu kupiga simu. Kwa kuwa ulikata simu ya mezani baada ya nyaya kuibwa, nilipiga ya Isihaka. Nikamwambia, "Nipe Mjomba." Akasema, "Yuko shambani." Nami nikakusikia ukikohoa nyuma yake. Akakata.

Pasipoti yangu wanayo wao. Hospitali imenisimamisha mafunzo. Mpelelezi atapiga simu hiyohiyo Jumanne tarehe 14 Machi, saa saba mchana ya kwenu. Anasema mashtaka yote yamesimama juu ya neno la mtu mmoja. Kama mtu wa nyumba ile atalirudia, nitapelekwa mahakamani. Nikihukumiwa, uuguzi basi, hata wa zahanati ya Kwamsisi.

Mama asijue.

Mpwa wako,
Chausiku

*

Kilole, Korogwe
8 Machi 2006

Mwanangu Chausiku,

Barua yako imenikuta mzima wa mwili. Nimeisoma nimesimama mlangoni mwa posta, nikashindwa kutoka nje.

Kwanza jambo la kweli: makosa ni yangu. Nilikuambia mashine haina macho, nikasahau kwamba nyuma ya mashine wamo watu, na watu hao wana desturi yao. Kwao namba ile ni ya mtu mmoja, hata mkewe hapewi. Mimi nilijua, maana nililisoma kwenye karatasi iliyokuja na kadi. Nikaona ni neno la Wazungu, halituhusu mimi na mtoto wa dada yangu.

Aliyesema ni Isihaka. Benki niliipa namba ya simu yake, kwa sababu hiyo hiyo ya nyaya. Nilimwita nikamwuliza, akajibu bila kuinamisha macho.

"Waliniuliza Baba uko wapi, nikasema nimekuacha nyumbani ukinywa uji. Wakauliza kadi iko wapi, sikujua. Ningesema nini? Unanificha halafu unataka nijue?"

Nikamwambia, "Sasa umejua. Jumanne watakapopiga, utanipa simu niseme nilimpa mwenyewe."

"Useme hivyo wafunge akaunti yako? Benki wameniambia, ukikubali kwamba ulitoa namba, kadi hakuna tena. Utazeeka na nini? Na mimi mwanao nirithi nini, goti?"

"Wewe una mjomba wako Semboja kule Mazingara," nikasema. "Nenda kachukue kwake."

"Mjomba Semboja ana mbuzi wawili na baiskeli isiyo na breki!"

Ningecheka siku nyingine. Nikamwuliza kwa nini alikukatia simu. Akasema, "Kila siku Chausiku, Chausiku. Nimeishi nyumba hii kama mpangaji." Akatoka.

Neno hilo nimelala nalo. Lakini Jumanne nitakuwa nimekaa mbele ya simu ile, na nitaeleza kila kitu, hata benki wafunge milango yao yote.

Umesema mama yako asijue. Hapo sitakutii. Habari mbaya ya mtoto, kaka anampelekea dada yake kwa mguu wake mwenyewe, haipewi dereva wa basi. Akiisikia sokoni kwanza, hatanisamehe. Nitakwenda Kwamsisi Jumapili, nirudi Jumatatu.

Mjomba wako,
Muhsin

*

Kilole, Korogwe
15 Machi 2006

Mwanangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Kama unaisoma uko huru, mshukuru Mungu, kisha uniandikie neno moja tu.

Nilifika Kwamsisi, mama yako akasikiliza mpaka mwisho, hakulia. Aliuliza, "Wewe uliyesoma, ulimpa mwanangu kitu usichokijua?" Jumatatu mvua ikashuka. Gari letu lilizama kwenye tope kabla ya Mkata. Tuliteremka tukasukuma, wazee kwa vijana, likazama zaidi. Hapakuwa na simu inayoshika mtandao mahali pale. Nilitembea, nikapanda lori la mkaa, nikapanda pikipiki na goti hili. Nikaingia Kilole Jumanne jua linatua.

Isihaka alikuwa amekaa barazani, simu mapajani.

"Wamepiga?" nikauliza.

"Haikulia," akasema.

"Tangu asubuhi?"

"Nimekwambia haikulia, Baba."

Hakunitazama. Huyu ni mtoto ambaye hata akikosea hukutazama machoni, ndiyo maana nimeogopa. Nimepiga hosteli kwenu mara nyingi, inaita mpaka inachoka. Nimepeleka faksi polisi ya huko kwa Kiingereza, nikisema niliitoa kadi kwa mkono wangu na namba kwa mdomo wangu. Nimeituma na benki pia, nikiwaambia wafunge wakitaka. Lakini faksi imefika baada ya siku yenyewe, na sijui kama kuna anayeisoma.

Isihaka hali chakula nami. Nasi hatusemezani.

Muhsin

*

Leeds
28 Machi 2006

Mjomba, shikamoo, shikamoo tena.

Mimi mzima, na pasipoti ninayo. Nimerudi wodini tangu juma lililopita. Hukujua? Nilidhani unajua! Barua yako imeniliza mbele ya watu.

Simu ililia, Mjomba.

Nilikuwa chumbani na yule mama mpelelezi. Aliweka simu mezani, sauti ikitoka wazi. Iliita mara mbili tu, Isihaka akapokea. Mpelelezi akauliza kama Bwana Muhsin yupo. Akasema, kwa Kiingereza chake kile cha sekondari, "Hayupo. Yuko njiani, mvua imemzuia. Mimi ni mwanawe. Mimi ndiye niliyesema kadi imeibwa."

Nikafumba macho.

"Nilisema bila kujua," akaendelea. "Haikuibwa. Baba alimpa. Kwetu mtoto wa dada ana haki hiyo."

Mama yule akamwuliza, "Na wewe, mtoto wake, unakubali haki hiyo?"

Nilisikia kuku wenu wakipiga kelele uani. Halafu Isihaka akasema, "Siipendi. Lakini ni kweli."

Mpelelezi aliandika kidogo tu. Akasema faili limefungwa, ila kadi haitarudi. Aliikata kwa mkasi mbele yangu. Akaniuliza kama nina neno kwa ndugu yangu. Isihaka akanitangulia, kwa Kizigua: "Mwizi wa kike wewe, umetutia aibu mpaka Ulaya. Rudi nyumbani na soksi zako mbili mbili. Nitamwambia Baba mwenyewe, usipige tena simu yangu, unanimalizia chaji." Nikacheka na kulia, mama yule akadhani nimeugua.

Kumbe hakukuambia. Mimi ni mtani wake, Mjomba, na namjua kuliko wewe. Ubaya anausema kwa sauti. Wema wake ndio umemshinda kuusema.

Kwa hiyo nakuomba: usimwonyeshe barua hii, wala usimwulize tena. Mpakulie chakula, ukae naye. Akikwambia simu haikulia, mwitikie.

Mpwa wako,
Chausiku