Rota Uliyoondoka Nayo

Mpendwa Baba Zawadi,

Nisamehe kwa kukaa muda mrefu bila kukujibu. Barua yako ilifika masika yanaanza, na sasa mpunga wa Tindiga umeshaanza kugeuka rangi. Si kwamba sikuandika. Niliandika mara mbili. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na matusi. Ya pili niliwashia mkaa kwa sababu haikuwa na matusi, nikaona nakudanganya. Hii ni ya tatu, ipokee ilivyo.

Sote wazima. Baraka anatambaa, ameota meno mawili ya chini na anayajaribia begani kwangu. Zawadi yuko darasa la pili, anasoma kila kitu anachokiona, hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Mama yangu wa Mikumi anakusalimu, ingawa alivuta pumzi kwanza kabla ya kusema hivyo.

Sasa nije kwenye gari.

Uliniandikia ukurasa mzima wa gari na mistari miwili yetu sisi. Ukanichorea injini na breki, ukaweka mishale, na chini ukapigia mstari: "Fundi asiguse gari langu. Nikirudi nitalifunga mwenyewe." Baba Zawadi, uliondoka kwenda Dar kwa wiki mbili kutafuta masta silinda ya breki. Huu ni mwezi wa tano. Umeniandikia mwenyewe kwamba umepata kazi kwenye duka la spea huko mtaa wa Gerezani. Yaani mume wangu anauzia spea watu wa nchi nzima, na gari lake hapa Kilosa limekuwa banda. Nakuambia kweli, jogoo analala kwenye usukani.

Nakumbuka siku uliyokuja nalo. Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa, mwenye shamba mpya akawapunguza, mkalipwa mafao yenu. Wenzako wakanunua mabati, wengine wakayanywa mafao yote. Wewe ukaja na pikapu ya bluu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, unapiga honi toka barabarani mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Nilisimama mlangoni nimemshika Zawadi mkono. Nikakuuliza, "Na likiharibika, nani atalitengeneza?"

Ukajipiga kifua. "Mama Zawadi, miaka tisa nimekaa karakana. Unaniuliza mimi?"

Nikakuamini. Nilisahau kwamba ile miaka tisa ulikaa stoo. Mafundi walikuja dirishani kwako, wakataja kifaa, ukakitoa kwenye rafu, wakatia sahihi, wakaenda zao. Ulijua jina la kila kifaa na namba ya rafu yake. Ulikijua kikiwa kipya, ndani ya boksi, na grisi yake ya kiwandani. Kilikokwenda kufungwa baada ya hapo hukuwahi kufika.

Unakumbuka safari ile ya kwanza ya kumpelekea mama gari alione? Tulipita kijiji cha Ulaya vizuri, huku nyuma kuna abiria wanane, matenga ya nyanya na mbuzi. Mbele kidogo gari likakohoa, likakohoa tena, likazima. Wewe hata hukukunja uso. Nilikuona umefurahi. Ukavua shati, ukaniomba kanga, na kanga yenyewe ni ile ya mahari, ukaitandika chini na kuanza kupanga vifaa vya kabureta kimoja kimoja, vimenyooka kama rafu zako za stoo. Akapita mzee mmoja mfugaji na ng'ombe wake. Akasalimia, akasimama kwenye fimbo yake, akakuangalia muda mrefu.

"Ameugua nini?"

"Kabureta, mzee."

"Sisi ng'ombe akilala njiani hivi tunamchinja mapema, nyama ikiwa bado nzuri."

Abiria walicheka mpaka yule mama wa nyanya akakalia tenga lake mwenyewe. Wewe hukucheka. Ulifunga kila kitu, na kwenye kanga zikabaki skrubu tatu. Nikakuonyesha. Ukasema, "Hizo za ziada. Viwandani huwa wanazidisha." Ukaingia, ukapiga stata, na gari likawaka.

Ndipo tulipopotea pale. Lingekataa siku ile tungekuwa na fundi hadi leo. Lakini liliwaka, na abiria wakakupigia makofi, na mimi nikapiga.

Wala sisemi mikono yako haina thamani. Siku ya uchungu wa Baraka mkanda wa feni ulikatika, bado hatujafika hospitali, na mimi nimeng'ang'ania mlango wenye waya. Ulichana kanga, ukaisokota, ukaifunga mahali pa mkanda. Tukaenda kwa mwendo wa mtu mwenye kidonda mguuni, unasimama unaongeza maji, unaniambia, "Mke wangu, vumilia, vumilia kidogo tu." Tungengoja fundi siku ile ningejifungulia kwenye majani. Hilo silisahau. Nikiwa na hasira sana nawe huwa najikumbusha hilo, na hasira inapungua kidogo. Haiishi.

Maana kuna ile siku nyingine pia, na hiyo katika barua yako hukuigusa. Tulikuwa tunateremka kuelekea Mikumi. Ulikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Nilikuona usoni kabla hujasema neno. Ukavuta breki ya mkono, ukakata kona, tukaingia kwenye mahindi ya watu na kusimama yakiwa yamelala mbele yetu. Zawadi alijing'ata ulimi. Damu ilimwagika kwenye gauni la shule. Mimi nalia, mtoto analia, mwenye shamba anakuja na jembe, na wewe unaniambia, "Si tumesimama? Mama Zawadi, si tumesimama?"

Trekta likatuvuta mpaka nyumbani. Kesho yake ukachomoa rota kama ulivyokuwa unafanya kila jioni. Siku zote ulikuwa unakitoa kile kidude cheusi kinachogawa moto kwenye plagi, unakitia mfuko wa shati, mwizi asiweze kuwasha gari. Nimekifua mara mbili. Safari hii ukapanda basi nacho. Sijui mwizi gani angeiba gari lisilo na breki. Yule mzee ambaye alikuwa dereva wa lori la mkonge, ambaye yuko tayari kuniendeshea, alikuja akafungua boneti akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Binti yangu, gari halina moto. Rota iko wapi?" Nikamjibu iko Dar es Salaam, inauza spea.

Nakueleza kwa nini sasa, na kwa nini siwezi kungoja. Wenye mpunga wa Tindiga wamekubali nisombe magunia yao msimu mzima kuleta Kilosa stesheni. Walinifuata wenyewe, kwa sababu nilipokuwa nawe kwenye safari zile sikupoteza gunia la mtu hata moja. Wamenipa mpaka mwezi ujao. Gari lisipokuwa barabarani watampa mwenye lori wa Dumila, na mtu wa lori akishaingia Tindiga hatoki tena. Zama hizi za biashara ruksa kila mtu anakimbia. Sisi tu ndio tumeegesha.

Nilianza kwa kukutii. Nilichukua mchoro wako, nikambeba Baraka mgongoni, nikapiga jeki, nikatoa gurudumu la nyuma. Nati zilinikatalia, nikapanda juu ya spana na miguu yote miwili. Nikatoa ngoma ya breki kwa nyundo. Ndani nikakuta maji maji, na mshale wako hausemi lolote kuhusu maji. Nilikaa chini kwenye vumbi nikakuchukia kwa muda mrefu kidogo. Kisha nikanawa, nikaenda kwa Fundi Seba.

Ndiyo, Seba yule yule wa gereji ya karibu na reli. Alikuja na mkoba wake, uso wote meno.

"Shemeji, siku hii nimeingoja toka enzi za foleni ya sukari."

"Fanya kazi, fundi."

Akafungua pale mafuta ya breki yanapowekwa. Akachovya kidole, akanusa, akasugua vidole viwili. Pakatoka povu. Akaniangalia, tena safari hii hakucheka.

"Shemeji, mnafulia nini hapa?"

Baba Zawadi. Sabuni. Uliweka maji ya sabuni kwenye breki, ukatupakia mimi na wanao, ukatuteremsha mlima.

Seba alinieleza, na alieleza kwa upole, kwamba hukuibuni wewe. Miaka ile maduka yalipokuwa matupu, madereva wa mkonge wakikosa mafuta ya breki walikuwa wanatia maji ya sabuni ili wafike nyumbani, gia ya kwanza, tambarare, tena peke yao. Wewe uliyasikia wakisimuliana pale dirishani kwako. Ukasikia ilivyowezekana. Sehemu ya gia ya kwanza naona hukuisikia, walikuwa wameshaondoka. Na leo mafuta ya breki yamejaa madukani mpaka Kilosa hapa, yamepangwa pamoja na biskuti. Shida iliisha, lakini wewe bado unaishi nayo kama mpangaji asiyelipa.

Kipande kile cha sabuni kilichopotea unakikumbuka? Mimi nakikumbuka. Nilimuuliza Zawadi, akasema hajui, nikamwambia mwongo, nikamchapa. Hakulia. Nimeshamwomba radhi, tena nilipiga magoti ili tuwe sawa. Na wewe umwandikie mwenyewe, kwa herufi kubwa. Usinipitishie mimi.

Najua utakachosema. Utasema mafundi ni wezi. Ni kweli, yule wa Morogoro alichomoa plagi mpya akatuwekea za zamani, nilikuwepo na nilimwona. Lakini dawa ya mwizi ni kumkalia. Seba akifanya kazi naweka kigoda pale pale, nachambua mchele, macho kwenye mikono yake. Jana ameniambia, "Shemeji, unanilinda kama benki." Nikamwambia benki hazina kigoda. Kifaa cha zamani kikitoka nakidai, nakiweka kwenye beseni langu, kipya kikiingia nakiona kinaingia. Ndivyo nitakavyofanya.

Na hili sikuombi ruhusa, nakuarifu. Plagi nitasafisha mwenyewe. Maji, hewa, pancha, grisi, vyote nimejifunza, na Seba amesema mkono wangu una subira. Gari likikohoa nitaanza mimi. Lakini breki na usukani ni vya fundi, mimi nisiguse na wewe usiguse. Kitu kikikosewa tukabaki tumekaa njiani, tutacheka na wafugaji. Kitu kikikosewa tukashindwa kusimama, hapo hapana mzaha. Hiyo ndiyo tofauti ninayoijua mimi, na sijaipata kwenye kitabu.

Usidhani nakuandikia kwa kukuchoka. Nimechoka tu, si kwa sababu yako peke yako. Nyumba haina sauti yako ya kugonga vyuma na kujisifu. Tukipita gereji, Zawadi akiona miguu imetokeza chini ya gari husimama, anaangalia viatu. Akiona si vyako anaendelea na safari. Rudi ukiwa na likizo, rudi ukiwa umeacha kazi, vyovyote rudi. Utatukuta hapa hapa, na utapikiwa.

Baraka ameamka, naagana nawe. Mungu akulinde huko mjini, ukumbuke kula mchana. Basi la Kilosa linaondoka Dar kila asubuhi. Mkabidhi dereva, si utingo, na umwambie nitakuwa stendi. Ninachohitaji ni hiki:

Rota, ile ile yetu, usininunulie nyingine ya kujaribu.

Masta silinda mpya, ndani ya boksi, boksi likiwa halijafunguliwa.

Raba za silinda ndogo za magurudumu yote manne. Seba anasema seti kamili, si nusu.

Chupa mbili za mafuta ya breki, kifuniko kikiwa na lakiri yake.

Kadi ya gari. Iko kwenye begi lako la kijani, mfuko wa ndani, najua kwa sababu niliiweka mimi.

Ufunguo wa sanduku la spana, maana nachoka kuazima kwa Seba vitu tulivyo navyo wenyewe.

Na barua fupi kwa yule dereva mzee kwamba gari liko chini ya mkeo, ili polisi wa barabarani wasimsumbue.

Vifungwe pamoja kwa kamba. Usivilete mwenyewe, Baba Zawadi. Vikija na wewe, utavifunga mwenyewe.

Mkeo,
Mama Zawadi